Ng'ombe Akilala

Mheshimiwa mwenyekiti, saa yako nimeiona,
ile nyekundu ukutani inayohesabu kurudi nyuma.
Dakika tatu. Nimezoea kubanwa:
mimi hukamua ng'ombe sitini kabla ya jua,
na kwetu Friesland jua la Januari
huchomoza likisitasita kama mdaiwa.

Naitwa Wiebe Algra. Mgonjwa si mimi.
Mgonjwa hawezi kuja,
na asiyekuwapo na lake halipo,
ndiyo maana nimemleta kwa viatu.
Hivi hapa mezani, vya kutelezea barafuni.
Askari wenu wa mlangoni aliyagusa makali,
akaniuliza, hii ni silaha?
Nikamjibu, ni binti yangu.

Kutu hiyo ni ya miaka tisa.
Froukje alikuwa na kumi na saba,
mfereji umeganda, akateleza hadi kijiji cha tatu na kurudi,
akala mikate minne na supu yote ya njegere.
Februari akashikwa na mafua. Mafua tu.
Mafua yakaondoka;
yeye hakurudi.

Sasa chumbani mwake kuna pazia juu ya pazia.
Paka tumemhamishia kwa jirani,
maana hata kukoroma kwake kulimuumiza.
Kijiko kikigusa kikombe, ni radi.
Akipiga mswaki Jumatatu
analipa deni hadi Alhamisi, na riba juu.

Ninyi mmeuita uchovu.
Mheshimiwa, mimi ndiye niliyechoka,
nimechoka tangu nina miaka kumi na minne;
mtu hunipa pole, nalala, kesho naamka.
Neno lenu ni blanketi la mtoto mchanga:
ukimfunika miguu, kifua ki nje.

Niwaambieni habari ya ng'ombe.
Mwaka juzi Bontje alilala, akakataa kuinuka.
Kabla ya adhuhuri daktari wa mifugo yumo zizini.
Kabla ya jioni chupa nne za damu ziko barabarani
kuelekea maabara ya serikali, kwa gari la serikali,
na Ijumaa bwana mmoja mpole akanipigia simu:
gharama ya uchunguzi ni yetu, usijali.
Hakuna aliyemuuliza Bontje
kama amejaribu kutembea kidogo kila siku.
Hakuna aliyesema labda ni mawazo.

Simwonei wivu ng'ombe.

Ninamwonea.

Bajeti yenu nimeisoma kwa miwani ya mke wangu.
Mstari wetu uko ukurasa wa mia na sitini na tatu,
chini ya samani za ukumbi wa mapokezi,
na penye tarakimu pameandikwa: itafikiriwa.
Kule Groningen yuko daktari kijana, Aukje,
ana friji iliyojaa vichupa mia saba
vya damu ya watu kama Froukje.
Damu ipo. Hadubini ipo.
Mkataba wa Aukje unaisha mwezi wa tisa.

Siombi sadaka. Nalipa kodi ya maziwa, kodi ya samadi,
hata maji yanayopita chini ya shamba nayalipia.
Tafuteni, basi. Hata mkikosa.
Bontje alikufa, mheshimiwa,
lakini najua alikufa kwa nini,
na usiku ule nililala.

Saa inamulika, naiona.
Froukje ameniagiza neno moja,
ameliandika kwa siku mbili mgongoni mwa risiti ya dawa,
herufi mbili Jumanne, mbili Jumatano:
Nipo.

Viatu nawaachia.
Ila msiviweke karibu na dirisha, tafadhali.
Amezoea giza.